Swingi 10,000 kwa siku 20: nimeanza leo, mrejesho nitauleta humu humu

Kipara wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Nina miaka 41, kilo 91. Kazi yangu ni ya kiti kutwa: Tabata hadi Posta asubuhi, Posta hadi Tabata usiku. Kitambi kimefika hatua ya kufunga kamba za viatu huku nimebana pumzi. Mwaka jana nililipia gym miezi 3, nikaenda mara 6. Hesabuni wenyewe kila jasho lilinigharimu shilingi ngapi.

Sasa kuna kitu kinaitwa changamoto ya swingi 10,000. Aliyeitoa ni kocha wa Marekani, Dan John, mrusha kisahani wa zamani, mwaka 2013. Kifaa ni ketibeli 1 tu, lile tufe la chuma lenye mpini juu. Humu tuliite birika, maana ndilo linalofanana nalo. Swingi ni kulibembeza kutoka katikati ya mapaja hadi usawa wa kifua, kwa mikono miwili. Mwanaume kilo 24, mwanamke 16. Kila siku ya tizi ni swingi 500, unafanya siku 20 ndani ya wiki 4 hadi 5.

Hizo 500 hazipigwi kwa mkupuo. Unapiga 10, halafu 15, halafu 25, halafu 50. Hapo una 100, mzunguko 1. Mizunguko 5 siku imeisha. Katikati ya seti unachomeka zoezi dogo la nguvu; mimi nimechagua kusukuma chuma juu ya kichwa: mara 1 baada ya zile 10, mara 2 baada ya 15, mara 3 baada ya 25. Baada ya 50 husukumi kitu, unatafuta roho yako imeenda wapi, dakika 3 hivi, unaanza upya.

Birika nimetengenezesha mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa chuma. Fundi kachukua ganda la kompresa ya friji, kajaza vipande vya chuma na zege, kachomelea mpini. Kilo 24.

Leo siku ya 1: swingi 500, dakika 58. Naandika kwa kidole kimoja, vingine vimegoma.

Mpiga Debe Mstaafu

Dakika 58? Ulikuwa unapiga swingi au unafua mapazia?

Mama Wawili

Naweka kambi hapa. Kuna mwenzako alikuja na kuruka kamba 1,000 kila siku. Siku ya 4 akatoweka, hadi leo tunamtafuta.

Mtu wa Nakuru

Boss hiyo ya kompresa ni kali. Huku kwetu Kenya ukienda kwa mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanakutengenezea chochote, lakini ya kompresa sijaiona. Swali moja tu: huo mpini ameushikisha aje? Hiyo kitu ikiachana na mpini ukiwa umeirusha mbele, ukuta wa jirani hauko salama. Wala jirani.

Kipara wa Tabata

@Mtu wa Nakuru mpini ni bomba la maji la inchi 1, kalikunja, kachomelea pande zote mbili. Mbele yangu kuna mwembe, jirani yuko nyuma.

Mtu wa Nakuru

Bomba la inchi moja ni sawa, kwa nje linakuja kama milimita 33, na birika za mashindano zenyewe ziko 33 ama 35. Wengine huweka nondo, unashika kitu chembamba hadi vidole vinakufa ganzi. Lakini hiyo welding iangalie kila asubuhi kabla hujaanza. Ukiona ufa hata wa unywele, hiyo siku umepumzika.

Kipara wa Tabata

SIKU YA 3. Jumla 1,500. Dakika 54.

Nisiwafiche, kiuno kinauma. Sio makalio wala mapaja, ni pale chini mgongoni unapofungia mkanda. Leo kwenye daladala nilisimama hadi Buguruni, abiria akainuka nikae, nikamwambia "kaa tu mdogo wangu", kumbe siwezi kukunja. Kesho napumzika. Ratiba inaruhusu, siku 2 kazi siku 1 pumziko, mimi nikaunga 3 kwa kiherehere.

Kocha Uani

Mleta uzi, nilikuwa nasoma kimya lakini hapa lazima niseme. Mimi nafundisha watu tizi uani kwangu Mbagala mwaka wa 9 huu, na maumivu hayo nayajua kabla hujaniambia unafanyaje.

Ukishuka, magoti yanakwenda mbele au makalio yanakwenda nyuma? Kama magoti yanakwenda mbele, wewe unachuchumaa. Swingi haina kuchuchumaa. Swingi ni kuinama. Watu wanaona video, wanaona mtu anashuka na kupanda, wanadhani ni kushuka na kupanda. Hapana, ni kwenda nyuma na kurudi mbele.

Umewahi kuona akina mama wanavyopandikiza mpunga? Goti limelegea kidogo tu, makalio yamekwenda nyuma, mgongo umelala bapa, ungeweza kuweka kikombe juu yake. Anakaa hivyo muda mrefu, kwa sababu mzigo uko kwenye nyonga na nyuma ya mapaja. Sasa mtazame kijana wa mjini akiokota sarafu: mgongo umepinda kama ndizi. Wewe unapiga swingi kama unaokota sarafu, mara 500.

Jipime bila birika. Simama umeupa ukuta mgongo, umbali wa unyayo wako 1. Sukuma makalio yaguse ukuta, kifua kikiwa wazi. Sogea mbele kidogo, rudia. Siku ukiweza kugusa ukuta mara 20 bila kuhisi kitu mgongoni na nyuma ya mapaja panavuta kama mpira wa manati, ndipo ushike chuma.

Mikono ni kamba tu, hainyanyui. Birika linapanda kwa sababu nyonga zimekaza ghafla, makalio yamebana, magoti yamenyooka. Likifika usawa wa kifua, basi. Wale wa CrossFit, mtindo mwingine wa tizi, wanalipeleka hadi juu ya kichwa, waache na mambo yao, kwenye 10,000 hakuna anayekudai huko juu. Likirudi, lisubiri. Usiiname mapema. Ngoja mikono ikaribie kugusa tumbo ndipo uende nyuma, na birika lipite juu, karibu na kinena, mikono igonge mapaja kwa ndani. Likipita chini ya magoti limeshakuvuta mgongo.

Mwisho, pumzi. Juu unaitoa kwa meno, "tss!", fupi na kali. Ukiwa na presha usibane pumzi hata mara moja, na kabla ya uzi huu ulipaswa kuwa umemuona daktari.

Mpiga Debe Mstaafu

"Karibu na kinena." Mkuu Kipara, una watoto wangapi tayari?

Kipara wa Tabata

Wawili. @Kocha Uani nimekusoma mara 3. Nimejaribu ukutani, kumbe makalio yangu yalikuwa hayajui nyuma ni wapi. Kesho nachukua mapumziko ya siku 2 nijifunze kuinama. Miaka 41 najifunza kuinama.

Dada wa Chumbageni

Kaka Kipara, mimi ni muuguzi Tanga, naomba niongeze neno ambalo wapiga tizi huwa hawalisemi.

Mtu asiye na mazoea akifanya kazi kubwa ghafla, tena kwenye joto na maji kidogo, misuli inaweza kuvunjika kupita kiasi. Yale mabaki yanaingia kwenye damu na kwenda kuziba figo. Dalili unaziona siku 1 hadi 3 baada ya tizi: mkojo unakuwa wa rangi ya soda nyeusi au chai ya rangi iliyokolea, misuli imevimba na kuuma kuliko uchovu wa kawaida, mikono au miguu haina nguvu. Ukiona hivyo usinywe dawa ya maumivu ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme wazi kwamba ulifanya mazoezi mazito.

Sikutishi. Lakini joto la Dar nalijua, na saa hizi wengi mnaosoma mtataka kuanza kesho na 500. Anzeni na 100. Wiki ya pili 200.

Mama Wawili

Asante sana dada. Nilikuwa nimeshaingia jikoni kutafuta mtungi wa gesi mdogo.

Kipara wa Tabata

SIKU YA 5. Jumla 2,500. Dakika 47. Kiuno kimekaa kimya! Maumivu yamehamia nyuma ya mapaja na kwenye makalio, yaani pale Kocha alipotaka. Kupanda ngazi ofisini nashika ukuta, ila kwa furaha.

Changamoto mpya ni hesabu. Ukifika mzunguko wa 3 akili inazima, hujui hii ni ya 25 au ya 50. Nikabuni punje 20 za mahindi kwenye sahani, maana seti ziko 20. Kila seti ikiisha nahamisha punje 1. Leo nimefika seti ya 13, nimegeuka kunywa maji, kuku wa mama mwenye nyumba kala hesabu yote.

Mpiga Debe Mstaafu

Huyo kuku sasa ana swingi 310 tumboni.

Kocha Uani

Tumia mawe.

Kipara wa Tabata

SIKU YA 6. Nimeshindwa kumaliza. Nimeishia 350.

Viganja vimechanika. Kulia, chini ya kidole cha pete, ngozi imefunuka kama kifuniko cha bati la maziwa. Mwanzo nilidhani ndiyo sugu zenyewe zinajengeka, kumbe pale mpini unapokunja fundi aliacha mshono wa welding umesimama, mkali kama msumeno. Kila swingi unasugua pale pale. Nikapaka chaki ya shule niliyoomba kwa mwanangu, ikageuka uji mkononi.

Mtu wa Nakuru

Pole boss. Chaki ya ubaoni si ile ya wanamichezo, yao ni magnesia, inanyonya jasho. Ya ubaoni nyingi ni jasi tu. Bora kitambaa kikavu, uwe unafuta kila seti.

Na huo mshono upige tupa hadi ulale, halafu msasa. Usiache uking'aa sana pia, ukiwa laini kama kioo utashika kwa nguvu zaidi na ngozi itachanika vile vile.

Kocha Uani

Sugu huziachi zikue. Kila usiku baada ya kuoga, jiwe la kusugulia visigino, zisugue zilale sawa na ngozi. Sugu iliyoinuka ndiyo inayonaswa na kung'oka. Na usikabe mpini kiganjani, ushike kwenye maungio ya vidole kama unavyoshika ndoo. Wewe unaonekana unakaba kama unaibiwa.

Dada wa Chumbageni

Na usiivute hiyo ngozi. Osha kwa maji na sabuni, kata kwa mkasi safi ile iliyokwishajitenga, funika. Kusukuma chuma juu siku hizi acha, mpaka ikauke.

Chuma Chakavu

Naomba kuuliza swali moja la kitaalamu. Mimi nanunua skrepa, Vingunguti. Ganda la kompresa ya friji nalijua kwa kuliangalia. Hiyo kilo 24 ilipimwa wapi?

Kipara wa Tabata

Fundi alipima.

Chuma Chakavu

Kwa mizani gani?

Kipara wa Tabata

Alilinyanyua, akasema "hii 24 hii".

Mpiga Debe Mstaafu

Hahahahaha! Wakuu njooni huku.

Chuma Chakavu

Lete nikupimie bure. Ganda hilo likijaa vipande vya chuma na zege halifiki 24, labda angeyeyushia risasi.

Kipara wa Tabata

SIKU YA 9, na nina taarifa.

Jumamosi nimepanda bajaji na birika langu mapajani kama mtoto mchanga. @Chuma Chakavu kaliweka kwenye mizani mbele ya mashahidi 4. Kilo 20.6.

Sina la kusema. Nilikuwa nimeshawaambia ofisini kwamba kila alfajiri, kabla ya chai, nahamisha tani 12. Mahesabu mapya: 500 mara 20.6 ni tani 10 na kilo 300.

Mpiga Debe Mstaafu

Uzi ufungwe. Mtoa mada katunywesha chai, kilo 24 ilikuwa uongo.

Simba wa Mikocheni

Bila 24 hiyo si changamoto, tuwe wakweli. Kanuni ni kanuni. Aanze upya na birika halali la dukani, la sivyo aite "swingi 10,000 za kompresa".

Mama Wawili

Wewe Simba umepiga ngapi leo?

Simba wa Mikocheni

Hoja si mimi.

Mzee wa Lumumba

Vijana, nimeletewa uzi huu na mwanangu, nami nimeona nichangie.

Mimi nilisoma Moscow, Chuo cha Patrice Lumumba, miaka ya 80. Chuma hiki Warusi wanakiita girya. Mnabishana kuhusu 24 kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Warusi wa zamani walikuwa na kipimo kinaitwa pudi, kilo 16 na gramu 380 hivi. Girya za pudi 1, pudi 1 na nusu na pudi 2 ndizo leo mnaziita 16, 24 na 32. Na asili yake sokoni, zilikuwa mawe ya mizani ya kupimia nafaka. Wakulima wakimaliza kuuza walishindana kuzirusha. Kwa hiyo kijana aliyepeleka girya yake kwenye mizani ya skrepa ameirudisha nyumbani kwao.

Wenzetu bwenini walikuwa na mashindano yao, dakika 10 mfululizo bila kuweka chini. Mimi nilikuwa mwembamba, wakaniambia nianze na pudi 1. Chumba chetu tulikuwa nayo moja. Muda mwingi ilizuia mlango usijifunge, maana kitasa kilikuwa kibovu.

Kocha Uani

Shikamoo mzee. Umenisaidia kumjibu Simba. Mimi wanafunzi wangu wengi wa kiume nawaanzisha na 16, wengine wanamalizia na 16. Mtu wa kilo 91 mwenye kitambi, aliyekaa miaka 15 kwenye kiti, 20.6 inamtosha kabisa. Kama fundi angekuwa na mizani, huenda huyu bwana leo angekuwa amelala chali. Endelea Kipara.

Mzee wa Lumumba

Marahaba.

Kipara wa Tabata

Shikamoo mzee. Naendelea.

SIKU YA 12. Jumla 5,850, pamoja na ile siku ya kuchanika. Dakika 39. Siku hizi zile 10 na 15 sizihesabu kama kazi, ni salamu tu. Ila 50 ya mzunguko wa 4 ni kaburi. Ya 5 hapana, kwa sababu ya 5 unajua ni ya mwisho. Ya 4, ukifika swingi ya 30, unaanza kukumbuka madeni.

Mama mwenye nyumba kaja leo saa 12 asubuhi na khanga begani kuuliza kila siku nagombana na nani uani, anasikia "tss! tss!" anadhani nafukuza nyoka.

Mtu wa Nakuru

Hiyo nusu imepita boss. Welding iko aje?

Kipara wa Tabata

Naikagua kila siku kwa tochi. Siku ya 10 niliona kitu kama ufa, nikarudi Gerezani. Ilikuwa rangi imepasuka tu, lakini fundi kaongeza kichomeleo kwa ndani bila malipo. Nilimwambia kuhusu mizani. Akasema mizani ya siku hizi imechakachuliwa.

SIKU YA 16. Jumla 7,850. Siku 2 nilikuwa msibani Morogoro, sikubeba birika, ingekuwa aibu. Nimerudi nikadhani nitaanza upya. Dakika 36. Mapumziko yamenifaa kuliko nilivyotegemea.

Dada wa Chumbageni

Misuli inajengwa ukilala, kaka. Maji unakunywa?

Kipara wa Tabata

Nakunywa dada. Na rangi nakagua, ulinitia hofu ya maisha.

SIKU YA 20, NA NYONGEZA.

Wakuu, leo zoezi la kusukuma juu nimeliacha, siku ya mwisho ni swingi tupu. 500, dakika 28. Nikaongeza 150 nilizodaiwa tangu siku ya 6. Jumla 10,000. Wiki 5 na siku 2, nimezidisha siku 2 kwa ajili ya msiba. Tani 206 kwa mizani ya Vingunguti.

Uzito: kutoka kilo 91 hadi 89.5. Wanaotaka kupungua kilo 10 watafute uzi mwingine, kwa sababu njaa ya kitu hiki haielezeki, nilikuwa nakula ugali wa watu 2. Lakini mkanda umerudi matundu 2. Suruali za zamani zinabana mapajani na kulegea kiunoni, sijui nimshonee nani. Mgongo, ambao kwa miaka nilikuwa nauamsha taratibu kitandani kama mgonjwa, sasa unaamka na mimi. Juzi nimebeba ndoo 2 za maji kutoka getini hadi ghorofa ya 2 bila kuziweka chini, ndipo nikagundua mikono imekuwa ya mtu mwingine.

Na kamba za viatu nafunga huku naongea.

Mama Wawili

Hongera sana! Wewe ndiye wa kwanza humu kumaliza kitu. Mimi niko kwenye 150 kwa siku, na kilo 8, dada wa Tanga kanizuia kuruka ngazi.

Simba wa Mikocheni

Hongera mkuu. Naomba namba ya fundi.

Mpiga Debe Mstaafu

Simba huyo huyo?

Kipara wa Tabata

@Simba wa Mikocheni sitoi namba ya mtu hadharani, njoo faragha. Nenda na mizani yako.

Kocha Uani

Sasa usirudie kesho. Wiki 2 fanya mambo mengine, tembea, piga pushapu, pumzisha nyonga. Ukitaka raundi ya pili ndipo tuzungumzie 24 ya kweli.

Kipara wa Tabata

Sawa kocha. Hata nikitaka kurudia kesho siwezi. Birika nimeliacha uani jana usiku, asubuhi nimekuta mama mwenye nyumba ameliweka getini kuzuia geti lisipigwe na upepo. Nimeomba, kasema geti limehangaika miaka 3, nitafute lingine.

Mzee wa Lumumba

Mwambie mama huyo namsalimu.